Upepo wa Bahari Kuu na Hesabu ya Mfongo

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita mjini Moshi, mbele ya walimu wa fizikia, mafundi umeme, wanafunzi wa vyuo na wazee wachache wa ushirika. Waliokosa nafasi ya kuja waliomba wasipewe muhtasari, wapewe yote. Nimeacha picha za ukutani tu.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, mafundi, vijana wangu, hamjambo?

Nimeitwa nizungumzie mitambo ya upepo inayoelea baharini: inawezekana au haiwezekani, na ni kwa bei gani. Nilipomtajia mada hii mama mmoja jirani yetu kule Kilema, alinitazama akasema, "Baba, bahari iko Tanga. Sisi tuna mlima. Unatuletea habari za nini?" Swali lake ni la haki na nitalijibu. Lakini kabla hatujafika baharini, twendeni kwanza kwenye mfongo.

Wa huku mlimani mnaujua. Kwa wageni wetu, mfongo ni mfereji ambao mababu waliuchimba kwa jembe, kutoka juu kwenye korongo la mto, ukazunguka vilima mpaka ukafika kihambani. Maji ya Kilimanjaro hayana bei. Hakuna binadamu aliyeyatengeneza. Lakini nani humu ndani aliwahi kuyapata bure? Siku ya kusafisha mfongo kila nyumba ilitoa mtu na jembe lake. Usipotoka, faini. Babu yangu alikuwa mtu wa maneno machache, ila mvua kubwa ikibomoa ukingo usiku, alikuwa wa kwanza kuwasha taa ya chemli.

Upepo nao hauna bei. Akija mtu akakuambia umeme wa upepo ni rahisi kwa sababu upepo ni wa bure, muulize: mfongo wake nani kauchimba? Na kila mwaka nani anausafisha? Shikeni maswali hayo mawili. Nitayarudia mpaka mnichoke.

Sasa, je, mtambo wa upepo unaweza kuelea?

Utotoni tulicheza na chupa kwenye bwawa dogo la kuhifadhia maji ya mfongo. Chupa tupu ukiitupa majini hulala ubavu. Itie mchanga kidogo chini, funga kizibo, itupe tena: inasimama wima. Isukume, inainama, inarudi. Mwalimu, tafadhali inueni ile ndoo waione. Mnaona? Manahodha wa majahazi wanalijua jambo hili karne nyingi kabla yetu. Mzigo wa kutuliza chombo wanauita farumi.

Mtambo wa kwanza mkubwa wa kuelea uliwekwa Norway mwaka 2009, pwani ya Karmøy, wenye uwezo wa megawati 2.3, na kanuni yake ilikuwa ni ya chupa yetu. Mwaka 2017 kampuni hiyohiyo, ambayo leo inaitwa Equinor, ikaweka mitambo 5 ya megawati 6 kila mmoja mbele ya mji wa Peterhead, Uskochi. Shamba hilo linaitwa Hywind Scotland. Kila mtambo, tangu kitako chake chini ya maji hadi ncha ya panga lililosimama juu, una mita 253, na mita 78 kati ya hizo zimezama. Ndani ya kitako wamejaza farumi ya mawe ya chuma, na minyororo mitatu inaushika usiende na mkondo.

Si njia hiyo pekee. Wareno walichagua upana badala ya uzito: nguzo tatu zilizotandazwa mbalimbali na kuunganishwa, kwa akili ileile ya mvuvi anayefunga mbao mbili pembeni mwa ngalawa isipinduke. Mwaka 2011 walijaribu mtambo mmoja, na kufikia 2020 wakawa na mitatu ya megawati 8.4 kila mmoja mbele ya Viana do Castelo. Wafaransa wamejaribu njia ya tatu, kukaza kamba kuelekea chini kama hema.

Kwa hiyo, inaelea? Inaelea. Inazalisha? Sana. Mitambo ile ya Uskochi katika miaka yake ya mwanzo ilitoa wastani wa asilimia 54 ya uwezo wake wote, usiku na mchana, kiangazi na masika. Kwa megawati 30, hiyo ni kama yuniti milioni 140 kwa mwaka. Nilipoisoma namba hiyo mara ya kwanza nilisimama nikatembea chumbani. Bahari kuu ina upepo ambao nchi kavu haina, na hauchoki.

Na kwa nini waelee, wasisimamishe nguzo chini kama Wadenmark walivyofanya Vindeby mwaka 1991? Kwa sababu ya kina. Bahari ikizidi kama mita 60, nguzo ya kufika chini inakula chuma kingi mno. Na sehemu kubwa ya upepo mzuri wa baharini, kwa Ulaya hukadiriwa asilimia 80, uko juu ya maji yenye kina zaidi ya hapo. Japani, Norway, California: unatoka ufukweni na bahari inadidimia papo hapo. Mhandisi William Heronemus, aliyetoka jeshi la majini la Marekani akawa profesa Massachusetts, aliwaza jambo hili mwaka 1972. Ilichukua miaka 37 wazo lipate mtambo wa kwanza mkubwa. Vijana, hiyo ni miaka ya mtu kuoa, kuzaa na kupata wajukuu.

Basi la kuelea tumelimaliza. Lililobaki ni moja: ni shilingi ngapi?

Hapa naomba mtulie, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hudanganywa, au hujidanganya wenyewe.

Uingereza hufanya mnada. Makampuni hutaja bei ambayo yanataka kulipwa kwa umeme wao, na Serikali huchagua. Mnada wa mwaka 2024, mitambo ya baharini iliyosimama kwenye nguzo ilipata paundi 58.87 kwa kila yuniti 1,000, kwa thamani ya fedha ya mwaka 2012. Mradi wa kuelea ulioshinda, unaoitwa Green Volt, wa megawati 400, ulipata paundi 139.93. Upepo ni wa bahari ileile. Mapanga ni yaleyale. Bei ni zaidi ya mara mbili.

Tofauti hiyo inatoka wapi? Kwenye upepo? Hapana. Ni mfongo.

Ni maelfu ya tani za chuma kwa kila kitako. Ni minyororo na nanga. Ni bandari. Nani amewahi kuona kreni ya kuinua injini yenye uzito wa mamia ya tani mpaka urefu wa mita 100? Na chini ya kreni hiyo gati lihimili uzito, na mbele ya gati kina kitoshe. Mitambo ya Uskochi haikuunganishiwa Uskochi. Iliunganishwa Stord, Norway, ndani ya ghuba yenye kina na utulivu, vitako vikiwa vimetengenezwa Hispania, kisha ikakokotwa ikiwa imesimama wima kuvuka Bahari ya Kaskazini.

Halafu kuna riba, na riba nitaikalia kidogo. Mnisamehe walimu wa fizikia, hii ni hesabu ya SACCOS.

Mtambo wa dizeli unaununua kwa bei nafuu, kisha unalipia mafuta siku hadi siku. Mtambo wa upepo unalipia karibu kila kitu siku ya kwanza, kabla hujauza hata yuniti moja. Ni kama kahawa: unapanda, unapalilia, unasubiri miaka mitatu au minne ndipo unaona buni. Kwa hiyo bei ya umeme wa upepo kwa sehemu kubwa ni bei ya fedha. Tuhesabu. Kopa shilingi milioni 100, ulipe kiasi kilekile kila mwaka kwa miaka 25. Kwa riba ya asilimia 5 utalipa kama milioni 7.1 kwa mwaka, na mpaka mwisho umetoa milioni 177. Kwa riba ya asilimia 10 utalipa milioni 11 kwa mwaka, na mpaka mwisho umetoa milioni 275. Mtambo ni uleule. Upepo ni uleule. Benki ndiyo iliyobadilika, na kila yuniti imebeba mzigo uliozidi kwa zaidi ya nusu.

Sasa jiulizeni: Norway inakopa kwa riba gani? Sisi tunakopa kwa riba gani? Na benki inapomtazama mtu anayefanya jambo ambalo halijafanywa na wengi, inashusha riba au inapandisha?

Ndiyo maana naomba msiishie kwenye bei iliyotajwa mnadani. Mwaka huohuo wa 2024 Ufaransa ilitoa mradi wa kuelea wa megawati 250 kusini mwa Bretagne kwa euro 86.45 kwa yuniti 1,000. Watu walishangilia. Mimi nilisema tungoje. Bei ya mnadani ni ahadi. Bei ya kweli tutaijua mitambo ikizunguka. Hornsea 4, mmoja wa miradi ile ya nguzo iliyoshinda kwa bei ya chini Uingereza, mwenyewe aliusimamisha Mei 2025 kwa kuwa gharama zilikuwa zimepanda. Na huo ni wa nguzo, teknolojia yenye zaidi ya miaka 30.

Hata Wanorway wenye fedha zao waliumia. Baada ya Uskochi walijenga Hywind Tampen, mitambo 11, megawati 88, kwenye maji yenye kina cha mita 260 hadi 300. Ulizinduliwa rasmi Agosti 2023. Bajeti ilianza kama krona bilioni 5, ikaishia zaidi ya bilioni 7, na bilioni 2.3 zilikuwa ruzuku ya umma. Umeme wake unakwenda wapi? Hauendi majumbani. Unaendesha majukwaa ya mafuta ya Snorre na Gullfaks, yapunguze kuchoma gesi. Silaumu. Nasema tu tujue nani anaweza kulipia bei hiyo: mchimba mafuta anaweza. Mama wa Kilema mwenye LUKU, je?

Kuna hadithi moja zaidi ya fedha, na hii inaniuma kwa sababu nia yake ilikuwa njema. Baada ya maafa ya nyuklia ya 2011, Japani iliamua kuweka mitambo ya kuelea mbele ya pwani ileile ya Fukushima, iwe alama ya kuinuka tena. Wa megawati 2 mwaka 2013, wa 7 mwaka 2015, na wa 5 baadaye. Serikali ilitumia kama yeni bilioni 60. Ule mkubwa, uliotarajiwa zaidi, ulisumbua tangu mwanzo na haukuzalisha kama ulivyopaswa. Wote watatu wameondolewa. Vitako vilielea vizuri tu. Kilichoshindikana ni hesabu.

Tumeongea kuchimba mfongo. Na kuusafisha?

Mtambo wa nchi kavu ukiharibika, fundi anakwenda na gari. Wa baharini wenye nguzo, meli yenye miguu inasimama chini baharini na kuinua kifaa. Wa kuelea, maji ni marefu kwa meli hiyo, na mtambo wenyewe unayumba. Utafanyaje? Unaufungua minyororo yake, unaukokota nyumbani. Mwaka 2022 mtambo mmoja wa shamba la Kincardine, Uskochi, ulikokotwa mpaka Rotterdam, Uholanzi, kwa matengenezo. Mwaka 2024 ikawa zamu ya mitambo yote mitano ya Hywind Scotland: ilirudishwa Norway kubadilishwa beringi kuu, kisha ikapelekwa tena Uskochi. Mafundi wangu, fikirini. Beringi! Kitu ambacho ninyi mnabadilisha chini ya mwembe. Kwao ilikuwa safari ya kuvuka bahari kwenda na kurudi, na muda wote huo hakuna yuniti inayouzwa lakini riba inaendelea kudaiwa.

Sasa nifike kwenye waya, kwa sababu hapa namjibu mama yangu wa Kilema.

Desemba 2009 nilikuwa Unguja, kijana, fundi wa kubandika nyaya majumbani. Kisiwa kizima kilikuwa kinategemea kebo moja ya chini ya bahari, inayotoka bara Ras Kiromoni kuingia Fumba, iliyolazwa mwaka 1980. Tarehe 10 umeme ukakatika. Tukasema kesho utarudi. Ulirudi Machi 2010. Miezi mitatu! Pampu za maji zilisimama, na nilichokiona zaidi ya giza ni foleni za ndoo. Wenye jenereta walilala na kelele, wasio nayo walilala na joto. Baadaye, mwaka 2013, ikalazwa kebo mpya ya megawati 100. Mwaka 2010 Pemba nayo ilipata kebo yake kutoka Tanga, kwa msaada wa Wanorway haohao.

Kebo zile zimelala chini, zimetulia. Kebo ya mtambo unaoelea inaning'inia majini na kucheza na kila wimbi, mwaka baada ya mwaka. Inahitaji utengenezaji wa pekee, na wazamiaji na meli za kuikagua. Mkiona bei ya mtambo imetajwa bila bei ya kebo, rudisheni karatasi hiyo.

Na twende kwa majirani. Kenya ilijenga shamba la upepo karibu na Ziwa Turkana: mitambo 365, megawati 310, upepo ambao wengi duniani wanautamani. Mitambo ilikamilika mwaka 2017. Ikasimama zaidi ya mwaka mmoja bila kumpa mtu umeme. Kwa nini? Njia ya kusafirisha, kama kilomita 430 mpaka Suswa, haikuwa tayari mpaka Septemba 2018. Na kwa kuwa mkataba ulisema hivyo, Serikali ililipa fidia kwa umeme usioweza kusafiri. Mto ulikuwepo, mdomo wa mfongo umefunguliwa, katikati hapajachimbwa.

Mama yangu, habari hizi zinatuhusuje sisi wa mlimani? Zinatuhusu kwa sababu sisi ndio wa mwisho wa mfongo. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, liko Rufiji, mbali. Umeme unapotea njiani kabla haujafika Kilimanjaro na Arusha. Ndiyo maana mwaka 2025 Rais Samia, akiwa hukuhuku mkoani kwetu, alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini. Wengine walikasirika: tuna bwawa kubwa hivi, tunanunua nje? Lakini aliyewahi kukaa mwisho wa mfongo anaelewa. Njia ya kilovolti 400 kutoka Isinya, kupitia Namanga mpaka kituo cha Lemugur hapo Arusha, imeshawashwa. Turkana na Moshi sasa ziko kwenye mtandao uliounganishwa.

Je, na sisi tuweke mitambo ya kuelea? Nitasema ninavyoona, na atakayenipinga nitamsikiliza.

Bahari yetu ni ya aina mbili. Kati ya Bagamoyo na Unguja maji ni mafupi, makumi machache ya mita. Zama za barafu Unguja ilikuwa imeungana na bara. Huko hakuna haja ya kuelea. Kati ya Tanga na Pemba ni bonde lenye mamia ya mita, na huko kuelea ndiyo njia pekee. Upepo tunao, kusi na kaskazi, ndio waliowaleta wageni wetu wote wa zamani kwa majahazi. Ila upepo wetu ni mpole kuliko ule wa Uskochi, na kati ya kusi na kaskazi kuna wiki za bahari shwari. Upepo ukipungua nusu, nguvu inabaki sehemu moja ya nane. Walimu, hiyo wafundisheni watoto kabla ya mambo mengine yote.

Tena mkondo wa Pemba una wavuvi. Mitambo ya kuelea inatandaza minyororo mbali pande zote, na nyavu hazipiti kwenye minyororo. Anayepanga jambo hili Dodoma au Oslo bila kukaa na wavuvi wa Wete na Tanga anaandaa ugomvi.

Kwa hiyo shilingi yetu ya kwanza nisingeipeleka kwenye maji marefu. Tuna upepo wa nchi kavu, Singida na Makambako, ambako fundi anafika kwa gari. Shamba letu la kwanza, Mwenga kule Mufindi, ni megawati 2.4 tu, tangu 2020. Megawati 2.4! Ni karibu sawa na ule mtambo mmoja wa majaribio wa Norway wa 2009. Tuna kazi kubwa bado juu ya ardhi yetu wenyewe. Tujenge huko, tujenge na njia za kusafirisha, tujifunze kukopa vizuri.

Lakini shilingi ya pili, na hii nawaambia vijana, ningeipeleka kwenye watu. Wakaguzi wa kuchomelea vyuma vya baharini, wazamiaji, wa kuunga kebo, wa kusoma mikataba. Mikataba zaidi ya yote. Siku moja mtu atakuja na picha nzuri ya mitambo mieupe juu ya maji ya Pemba, na nataka mezani awepo binti wa Moshi anayeuliza: kreni iko bandari gani? Beringi ikifa mnaipeleka wapi? Riba ni asilimia ngapi, na kwa fedha ya nchi gani? Kebo ikichelewa, nani anamlipa nani?

Nimeacha ile hesabu ya mkopo kwenye karatasi pale mlangoni, ikiwa na nafasi ya kubadilisha riba na miaka. Chukueni, jaribuni na asilimia 15 muone. Mwalimu, ile ndoo na chupa sogezeni nyuma, najua waliokaa dirishani hawakuona. Na yule binti mwenye sweta ya kijani ameinua mkono tangu nilipotaja Fukushima. Karibu, mwanangu, uliza.